Mbunge Aliyesimama Kabla ya Kuruhusiwa

Saa tatu kasoro robo asubuhi, Jumanne ya kwanza ya Machi, Odette Larocque anasugua matope ya viatu kwenye ngazi za ukumbi wa mji wa Penfold, jimbo la Vermont, Marekani. Leo ni mkutano wa mwaka wa wakazi wa mji. Chungu cha maharage amekikumbatia kama mtoto mchanga.

"Odette, umeleta maharage au umeleta visingizio?" anamuuliza mama mmoja anayepanga mezani mikate ya tufaha ya chakula cha mchana.

"Vyote viwili, dada. Anza na maharage, yangali moto."

Wanacheka, lakini utani huo una mwiba. Mwaka jana, katika ukumbi huuhuu, Odette aliwaahidi watu wa Penfold kwamba hatapiga kura ya kufunga shule yao ndogo ya msingi. Mwezi uliopita aliipiga. Leo amekuja kuwaeleza uso kwa uso, maana Novemba ni wao watakaoamua kama anarudi bungeni au la.

Ana miaka sitini na sita, na kwa miaka kumi na minne amekuwa mbunge wa jimbo kwa miji miwili, Corbin anakoishi na hapa Penfold. Kuanzia Januari hadi Mei hushuka Montpelier, mji wenye bunge la jimbo, kila Jumanne, arudi Ijumaa, isipokuwa wiki hii ya mikutano ya miji. Malipo ni kama dola mia nane kwa wiki, na kikao kikifungwa nayo yanakatika. Siku nyingine huchemsha utomvu wa miti yake mpaka uwe mzito na mtamu kama asali, na kila Jumamosi husimama kwenye geti la dampo la Corbin akitoboa kadi ambazo watu hulipia takataka zao.

"Ofisi yangu hasa ni dampo," anasema. "Mtu akishatupa takataka zake, hutupa na ya moyoni. Mimi nipo pale tu, napokea."

Basi mkutano unaanza. Wanapitisha ununuzi wa gari la kuzoa theluji, wanabishana nusu saa nzima juu ya taa moja ya barabarani. Kisha Hollis Amidon, mwenyekiti mwenye nyundo ya mbao, anasema sasa ni zamu ya taarifa ya mbunge.

Odette anainuka kama miaka yote, makaratasi mkononi, na kuelekea mbele. Ameshafika nusu ya ukumbi sauti inapotoka safu ya nyuma.

"We mama, hebu ngoja!"

Ni Wendell Pruitt, msimamizi wa barabara za mji, mzee wa magoti mabovu. Mke wake alipika katika shule ile miaka ishirini na miwili.

"Bwana mwenyekiti, huyu ni mtu wa Corbin. Nani kamruhusu kusema?"

Sheria ya mkutano iko hivyo: asiye mkazi hafungui mdomo mpaka theluthi mbili ya waliopo wakubali. Kila mwaka Hollis huuliza kama kuna pingamizi, hakuna anayejibu, yamekwisha. Safari hii hata kuuliza hajauliza, na Odette naye hakungoja. Wote wawili walishazoea.

"Kweli, Wendell," anasema Hollis, masikio yamemwiva kwa aibu. "Odette, samahani, rudi ukae."

Odette anarudi kwenye kiti chake cha bati. Baadaye atasema kwamba hatua zile kumi na mbili zilikuwa ndefu kuliko kampeni zake zote. "Nilijiona nimeingia jikoni kwa watu bila hodi, nikaanza kufunua sufuria."

Wanaokubali wanaambiwa wasimame wahesabiwe. Viti vinakwaruza sakafu. Odette anatazama mikono yake. Waliopo ni mia moja thelathini na watano, anahitaji tisini.

"Tisini na saba," anatangaza Hollis. "Mbunge anaruhusiwa."

Odette anainua macho. Wendell Pruitt naye amesimama, ameshikilia kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

"Unanitazama nini?" anamwambia. "Sikusema usiongee. Nimesema ngoja uruhusiwe. Ruhusa ni yetu, siyo yako. Haya, nenda, magoti yananiuma."

Kila mwaka Odette hufungua kwa kitendawili. Leo anaiweka kando karatasi aliyokiandikia jana na kutega kingine.

"Kitendawili!"

"Tega!" wanaitika, wengine kwa shingo upande.

"Nina mlango mmoja, lakini funguo zake wanazo watu mia moja thelathini na watano."

"Mdomo wako wewe!" anadakia Wendell, na ukumbi unaangua kicheko.

Kicheko kinapokwisha, anawaambia. Kwamba aliahidi, na ahadi ameivunja. Kwamba Desemba alikwenda shuleni akakuta watoto kumi na tisa wanasoma na makoti mwilini, tanuri la kupasha jengo joto limekufa kwa mara ya tatu, mwalimu mmoja anabeba madarasa manne. "Nilipoahidi, nilikuwa sijaingia mle ndani miaka miwili. Hilo ndilo kosa langu. Nilipaswa kuingia kwanza, halafu ndiyo niseme."

Hakuna anayepiga makofi. Mwanamke mmoja anauliza basi la kwenda shule mpya litawachukua watoto saa ngapi. Wendell anauliza kama jengo litabaki mali ya mji. Odette anajibu kwamba kifungu cha sheria kinachosema hivyo alikipigania wiki tatu, na kimeandikwa.

Mchana, chungu chake kimebaki na mchuzi tu. Anakisuuza kwenye sinki la ukumbi na kusema kwamba Novemba ataliweka tena jina lake kwenye karatasi ya kura.

"Wakinikataa, dampo lipo, na watanisema kila Jumamosi. Lakini natamani mwakani nirudi hapa bado mbunge wao. Nitakaa pale nyuma karibu na Wendell, makaratasi mapajani, nisubiri Hollis awaulize."