Neno la Fundi Mawe

Fundi Mawe, mchonga mawe ya makaburi, alikuwa na ujanja wake. Hakusubiri mteja. Kazi ikipungua, alichonga "Pumzika kwa amani" kwenye kila jiwe lililoegemea ukuta wa uani, akaacha nafasi ya jina tu. Mtu akifiwa, jiwe liko tayari kwa nusu siku. Miaka thelathini hiyo! Neno lile angelichonga amefumba macho.

Wa kuyang'arisha mawe hayo kwa msasa na maji alikuwa mkewe. Mama yule hakujua kukaa. Hata chai aliinywa amesimama. Sasa moyo ulikuwa umemchoka, na daktari alimwambia Fundi bila kuzunguka: "Mkeo apumzike. Akiendelea na kazi, mwezi huu hautaisha ukiwa naye."

Fundi akarudi mbio. Akamkuta kachuchumaa uani, miguu imevimba, msasa mkononi.

"Mama watoto, daktari kasema upumzike."

Loo! Aligeuka na macho makali. "Neno hilo usiniambie mimi, baba watoto. Nimelifuta vumbi maisha yangu yote. Ukinitamkia, naona umebakiza kuandika jina tu."

Fundi akanywea. Tangu hapo akawa anatafuta maneno mengine. "Hebu keti kidogo." "Jinyooshe basi." "Njoo tupige soga." Mkewe alikaa dakika mbili, huyo, kainuka. Alipofichiwa msasa, alichukua kitambaa. Alipofungiwa mlango wa uani, alipita dirishani, bibi mzima wa miaka sitini! Fundi alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akajificha nyuma ya mawe akalia. Angefanyaje, jamani? Amfunge kamba?

Akayageuza mawe yote, maandishi yakatazama ukuta.

"Mgongo wa jiwe nao unasuguliwa," mkewe akasema, akaendelea.

Wiki ya tatu, saa nne asubuhi, msasa ulimdondoka. Fundi alimdaka kabla hajaanguka, akamlaza mkekani pale pale uani. Viganja vya mkewe vilikuwa baridi, vimejaa vumbi jeupe.

"Nimechoka, baba watoto," alisema polepole. "Haya, niambie sasa. Lile neno lako."

Fundi alifungua mdomo. Mkewe alikuwa anamtazama, anangoja.

"Inuka, mama watoto," Fundi akasema, huku akimvuta mkono. "Inuka, bado mawe mawili hatujayamaliza."