Fainali na Bibi wa Jirani

Mimi nikishindwa huwa na kisirani, na wanangu wanalijua hilo. Mwaka ule nilikuwa na miaka arubaini na sita, sijapata kushinda kitu chochote maishani, na kikombe cha badminton cha wanawake wa mtaani kwetu Ghubra kilikuwa kimebakiza mechi moja tu kiwe changu. Nilikitaka mpaka nakiota.

Fainali nikapangiwa na bibi wa Kihindi, mama wa jirani yetu, aliyekuja Maskati kumtazama binti yake, naye akamshikia nafasi binti alipoteguka mguu. Umri wake sabini hivi, na magoti yote mawili kayafunga bendeji. Mama yangu, Mzanzibari wa kizamani, akaniita pembeni.

"Mgeni hafedheheshwi, mwanangu. Muachie pointi mbili tatu, kisha ndo umfunge kwa adabu."

"Nnajua, mama."

Nikamwachia tatu. Kinyoya cha kwanza nilikipiga nje makusudi, viwili vilivyofuata nikajifanya vimenipita. Kumi na nane zilizobaki hakunisubiri nimwachie. Yeye kasimama katikati, mimi nakimbia huku na huku kama kuku aliyeingia sebuleni. Nikaambulia tatu.

Nilipokuwa nahema chini, binti yake akanieleza kwa upole. Mama yake alikuwa bingwa wa nchi nzima miaka mingi mfululizo. Ndiye mwanamke wa mwanzo jimboni kwao kuchezea timu ya taifa, wakati huo watu wakiona aibu mwanamke kushika raketi. Alirudi na medali za ugenini, na wasichana aliowafundisha nao wakawa mabingwa. Sisi wiki nzima tulimuuliza habari za wajukuu tu, na kama chai sukari imekolea.

Kikombe nikakisamehe. Kilichonichoma ni zile tatu zangu. Nikamfuata yule bibi, nikamuuliza kwa Kiingereza kama nilizipata kwa haki.

Akanishika mkono. "Kwetu, beti, mwenyeji hafedheheshwi."

Kuitwa binti katika umri ule kulinipendeza, lakini hasira hazikupoa. Kesho yake nikamwomba tucheze tena, safari hii bila adabu. Akakubali haraka mno.

Alinifunga ishirini na moja, mimi nikapata moja. Ile moja ilidondoka nyuma yake, karibu na mstari. Alikikodolea macho kile kinyoya, akajipiga raketi pajani, akatoa neno la Kihindi ambalo binti yake alikataa katakata kunitafsiria.