Mdogo Achague, Mkubwa Abebe

Juzi nimegombana na mume wangu kwa sababu ya bembea. Shule zimefungwa, watoto wananikalia kichwani toka asubuhi, na mie nilishatangaza mapema kwamba likizo hii tutatoka wote siku nzima, tuuone mji wetu wenyewe. Ninao watatu. Wa kwanza ni binti, nilimzaa mara tu nilipomaliza kidato cha nne, na sasa ananifika begani. Wa kati ni wa kiume, yuko darasa la pili. Wa mwisho ndiyo kwanza anaunga maneno. Shule zikifunguliwa binti yangu anakwenda kuanza kidato cha kwanza bweni, huko mikoani, na mtoto ukishampeleka bweni anarudi mgeni. Anapiga hodi kwao. Ndiyo maana niliitaka hiyo siku moja, tuwe wote pamoja, siyo kwa mafungu.

Mume wangu hakuinua hata macho kwenye simu. "Mama watoto, ishu ndogo hiyo. Huyu mkubwa mpe nauli aende na wenzake kwenye maduka ya mjini. Wadogo wapeleke kwenye bembea hapo mtaani. Yaishe."

Yaishe. Nilisikia masikio yanapata moto. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba mji wenyewe unamuunga mkono. Nilishazunguka kuulizia. Kule watoto wanapimwa kimo getini kama mbao, aliyezidi haingii. Kwingine ni vijana watupu na muziki wa kupasua kichwa. Pengine mzazi unakaa nje ya uzio kama mlinzi, unamchungulia mwanao kwenye matundu. Mahali pa msichana mkubwa mwenye mdogo wake kiunoni hakuna aliyepafikiria.

Ngoja nikwambie sie tulivyokuwa tunatoka.

Nimekulia Mtoni, kwa bibi yangu mzaa mama, kwenye nyumba ya vyumba vingi yenye korido katikati na ua mkubwa nyuma. Kila chumba na mpangaji wake, kila mpangaji na watoto wake. Kwa Bibi wote walikuwa wajukuu tu. Chumba cha mbele alikaa mwalimu, Mkristo kutoka bara, na mwanawe mdogo alikuwa akiivaa Idi sawasawa na sie. Idi pili ndiyo ilikuwa siku ya Bibi kututoa mjini.

Mfungo ukifika nusu, uani hapakaliki. Wakubwa wanataka kuvuka Kigamboni wakaogelee. Sie wa saizi yangu tunataka bembea na barafu za rangi, zile zinazoacha ulimi mwekundu. Wasichana waliokwishaanza kujiangalia kwenye kioo wanataka mpiga picha. Tunagombana huku tunachambua mchele, tunakuna nazi, tunachota maji. Cherehani ya jirani inalia mchana kutwa, maana wote tulishonewa kitambaa kimoja kilichokatwa kwenye jora moja, wasichana magauni, wavulana mashati. Ukipotea kwenye umati, yeyote aliyeona kile kitambaa alijua akurudishe wapi.

Bibi alituacha tubishane mpaka tuchoke wenyewe, kisha akasema neno lake: "Mdogo achague, mkubwa abebe." Hiyo ilikuwa sheria. Mtoto mdogo kuliko wote anayejua kusema ndiye aliyeulizwa twende wapi, na akishasema imepita. Na aliye mkubwa kuliko wote ndiye aliyembeba. Bibi alikuwa akisema mdogo hajui kudanganya anachokitaka, na mkubwa popote ataenda, miguu anayo.

Mwaka mmoja zamu ya kuulizwa ikamwangukia mtoto wa mwalimu. Alisimama katikati ya ua, kidole mdomoni, wote tumemkodolea macho. Akasema, "Samaki."

"Wa kula?" Bibi akamwuliza.

"Wengi."

Mamdogo wangu, mtoto wa mwisho wa Bibi, ndiye aliyekuwa mkubwa wetu wakati huo. Aliangua kilio. Nywele alishazisuka kwa ajili ya picha. "Mama, Idi yote hii mie nikanuke samaki?"

Bibi akamjibu, "Utanuka na wenzio."

Tukaenda soko la samaki, Feri, mkumbo mzima wa kitambaa kimoja, viatu vipya vinateleza kwenye magamba. Mpaka leo nikisikia mafuta yanachemka kwenye karai kubwa naiona ile siku. Mwenye kunadi alipotuona akasimamisha mnada.

"Nyie ni kwaya ya wapi?"

"Sie wa Mtoni."

Akamchukua mtoto wa mwalimu, akamsimamisha juu ya meza kando ya jodari aliyemzidi urefu, akamwambia, "Haya tajiri, nadi."

Mtoto akavuta pumzi, akapiga kelele, "Samaki!" Basi. Hakujua lingine, akalirudia hilo hilo. Watu wakaacha ndoo zao kumtazama. Mzee mmoja akauliza, "Jodari nimemwona. Na huyo muuzaji mnamuachia kwa bei gani?" Mamdogo, aliyekuwa kanuna toka nyumbani, alicheka mpaka wanja ukamshuka mashavuni. Baadaye tulikaa ukutani tukala ngisi na mihogo ya kukaanga, pilipili inatutoa kamasi. Idi nyingi za utoto wangu zimechanganyika, sijui ipi ni ipi. Ile naijua.

Basi juzi hiyo hiyo niliwakusanya watoto wangu sebuleni nikawahadithia haya yote. Kisha nikamgeukia wa mwisho. Twende wapi?

"Dege," akasema.

Kwetu huku ndege zikija kutua zinapita juu ya bati kabisa, na yeye kila zikipita anazipungia. Anataka akazione zikishuka.

Binti yangu akanitazama. "Mama, yaani tukasimame barabarani tunashangaa ndege? Halafu mie ndiyo nimbebe huyu?"

"Ndiyo sheria."

"Sheria ya watu wengi hiyo. Kwenye hadithi yako mlijaa ua mzima. Hapa wa kubeba ni mie tu. Leo mie, kesho mie."

Nikachukua simu nikampigia mamdogo, siku hizi anakaa Kigamboni, nikitaka aniongezee nguvu. Nikampa shikamoo, nikamwambia, "Mwambie huyu binti ulivyombeba yule mtoto wa mwalimu siku nzima bila kulalamika."

Akacheka mpaka akakohoa. "Siku nzima nani? Mwanangu, mie nilimbeba mpaka kituoni tu. Mkono uliingia ganzi nikamkabidhi yule kijana wa chumba cha pili, naye akampa dada wa uani. Hata wewe ulimbeba, ukipepesuka kama mlevi. Mkubwa alikuwa wa kuanza. Kumaliza kulikuwa kwa wote."

Binti alisikia, simu niliiweka sauti kubwa. Akainua nyusi. Na mie nikajiona mjinga kidogo, maana ile nusu ya pili ya sheria nilikuwa nimeipoteza kabisa. Bibi hakuwahi kuitamka. Ataitamkaje, wakati mikono ilikuwa imejaa pale inasubiri zamu?

Nikamgeukia mume wangu, bado yuko na simu yake kwenye kochi.

"Baba watoto, humu ndani mkubwa nani?"

Akajibu haraka, kwa fahari, "Si mimi hapa!"

Watoto ndio walioanza kucheka. Alipoelewa alishachelewa. Wa mwisho alishasimama mbele yake, mikono juu.

Jumamosi tunakwenda kutazama ndege. Baba anaanza kubeba, nami nampokea. Binti amekubali zamu ya tatu, ila kitambaa cha sare amekikataa katakata, na wa kati ameomba naye apewe hatua chache. Tutafika. Lakini nyumba ya Mtoni iliuzwa, ule ua ni ghala la matairi sasa, na hapa ninapoishi jirani wa ukuta mmoja namjua kwa honi ya gari lake. Mapishi ya Bibi nayaweza, misemo yake ninayo. Watu wake ndio sina. Pale uani kila mtu alichoka, ila hakuna aliyechoka peke yake.