Waziri Aliyevuka Ubao

Mama yangu hakupenda kucheza sataranji na mtu. Alisema mtu humharakisha. Alipenda mafumbo yake: kete chache zimepangwa ubaoni, mweupe anaanza, na mfalme mweusi lazima afungwe kwa hatua kadhaa. Babu alimwachia daftari la mafumbo ya kale, ya zama ambazo pembeni mwa mfalme hakusimama malkia bali waziri, na waziri huyo alikwenda hatua moja tu, mshazari. Mama aliyafumbua yote, akanifundisha na mimi, kwa ukali.

Alipoanza kuniuliza mara tatu ndani ya mchana mmoja kama mchuzi umetiwa chumvi, niliingiwa na hofu. Nilitaka kujua akili yake imebaki kiasi gani, na nilitaka pia nisijue. Basi nikaanza kumtungia mafumbo mepesi, nikamdanganya kuwa nayapata kwenye kitabu cha kale huko Tunguu ninakosomesha. Kila Ijumaa baada ya sala nilikwenda kwake Mji Mkongwe, tukala, kisha nikampangia moja.

Kutunga fumbo jepesi kuna tabu kuliko kutunga gumu, maana lazima lionekane lina meno. Nilikuwa nikigombana na ubao wangu nyumbani Kiembe Samaki mpaka mke wangu akaniuliza nani kanikera. Mama aliyafumbua, akafurahi, nami nikajiona mtoto mwema kweli kweli.

Njia ya mwongo fupi. Ijumaa moja nilipanga la hatua mbili, na kwa haraka zangu nikaisahau sheria ya kale: jibu lilimtaka waziri avuke ubao mzima, kama malkia wa siku hizi. Mama alitazama, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Waziri wa zama hizo kapanda boda?"

"Labda wamekosea kunakili, mama."

"Hebu nyamaza. Nshajua toka la mwanzo kuwa wewe ndo unayeyatunga. Kila siku mfalme wako unamtia kwenye kona."

Niliona haya, kisha nikakasirika, maana hasira zangu ziko karibu. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku zote hizo.

"Nilikuona una raha, nikakusitiri. Lakini mimi si mtoto, mwanangu. Nipangie gumu. Likinishinda, na linishinde."

Nikampangia gumu kuliko yote niliyowahi kutunga, la hatua nne. Alilikalia mpaka adhana ya alasiri. Nilinyoosha mkono nimwoneshe hatua ya kwanza tu, akanichapa kofi la kiganjani.

"Liache hapo hapo. Nnafikiri."

Ijumaa iliyofuata nilikuta kete ziko vile vile. Dada yangu, anayeishi naye, alikatazwa hata kupangusa vumbi. Nilimwamkia mama shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha. Kisha akautazama ubao, akaniuliza nani aliyezipanga kete hizi.

Nilitamani nizikusanye zote, nimpangie jepesi, nimdanganye tena.

"Ni mimi, mama. Ni fumbo gumu."

"Hilo nnaliona," alisema, akavuta kiti, akaanza upya.