Mafuta ya Mandazi Kwenye Msumeno

Juzi nilikuwa dukani pale Tawa nikinunua misumari, nikamsikia mwanamume mmoja akiomba oili ya msumeno wa injini. Mwenye duka akamwuliza, ya kuchanganya na petroli au ya mnyororo? Akajibu, "Yoyote, bora iwe rahisi." Niliacha misumari kwenye kaunta nikatoka nje. Rafiki yangu, sijui kama nawe una neno linalokuchemsha damu hivyo. Langu ni hilo, na nimelibeba tangu nikiwa msichana mdogo huko Kalamba, miaka ya themanini.

Baba alikuwa mpasuaji mbao. Yeye na mwenzake walichimba shimo, wakalaza gogo juu yake, mmoja akasimama juu na mwingine akaingia chini, wakauvuta msumeno mrefu kutwa nzima. Mchana mama alinituma na uji kwenye kibuyu na isyo, yale mahindi na maharagwe tunayochemsha pamoja, nami nilirudi nyumbani nywele zimejaa unga wa mukau. Mukau ni mti wa kwetu, mbao zake nyekundu, na mchwa hawaugusi. Unga wake ulinikaa puani mpaka usingizini.

Kisha jirani yetu akarudi kutoka Mombasa na msumeno wa injini. Alikuwa mtu wa sauti kubwa, mwenye kutaka asalimiwe kwanza hata na waliomzidi umri. Akatangaza sokoni kwamba shimo la baba ni ushamba. Wateja wakamkimbilia, na baba, kwa kukosa kazi, akaenda kumshikia magogo.

Ubahili wa mtu yule ulitia kinyaa. Mashine yake ilikuja na mkebe wa oili ya mnyororo, nzito, ya kunata, na muuzaji alikuwa amemweleza kwamba bila hiyo mnyororo utaungua. Yeye mwenyewe alitusimulia hayo akimcheka muuzaji. Mkebe ulipoisha hakununua mwingine. Alianza na oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye malori, nyeusi kama lami. Hata hiyo akaiona ghali, akaenda kwenye hoteli ya sokoni kuomba mafuta yaliyochoka kukaanga mandazi. Na akajiona mvumbuzi! Alipowasha mashine, kijiji kizima kilinukia chai ya saa nne. Mbwa walimfuata kutoka boma hadi boma, na akiuweka msumeno chini, wanaulamba.

"Mafuta ni mafuta," alikuwa akisema. "Mti una ulimi wa kuonja?"

Susu, nyanya yangu mzaa baba, alimtazama akipita, akasema bila kupunguza sauti, "Huyu siku moja atakaanga mtu."

Mafuta yale yalikauka ndani ya njia ya mnyororo yakawa gundi. Siku walipokuwa wakikata mukau wa kutengenezea viti vya kanisa, mimi nilikuwa nimefika na chakula.

"Mnyororo unatoa moshi," baba akasema. "Zima kwanza upoe."

"Huo ni moshi wa mti. Shika gogo."

Baba akashika. Mnyororo ukakwama, ukakatika, ukamchapa mkono wa kulia. Nilimwona jirani akiinama, nikadhani anamwinamia baba. Alikuwa anaokota mnyororo.

Mama alikuja mbio akaufunga mkono kwa leso yake, wakampeleka hospitali kwa pikapu ya mwenye duka mmoja wa sokoni. Mfupa uliunga. Vidole havikukunjika tena.

Jumapili jirani alisimama kutoa ushuhuda. "Shetani alitaka kuniharibia mashine," akasema, "lakini Mungu ameihifadhi." Watu wakaitikia amina.

Susu akainuka. "Na mkono wa mwanangu?"

"Alikuwa amesimama vibaya, mama."

"Kusimama nilimfundisha mimi. Wewe ulishindwa kununua oili."

Akatoka nje, nasi tukamfuata. Hakuna mwingine aliyetoka. Kesho yake jirani alifunga mnyororo mpya, na kazi zikaendelea kumjia. Alikata mpaka kukawa hakuna cha kukata, halafu akaiuza ile mashine kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu.

Baba alijifunza kushika jembe kwa mkono wa kushoto. Mwenzake alihamia Mutomo. Kuna jioni nilimsikia baba nyuma ya zizi akiimba wimbo wa wapasuaji, sehemu ya mtu wa juu peke yake, akinyamaza pale ambapo mtu wa chini angejibu.

Siku hizi lile shimo limefukiwa na juu yake kuna mbaazi. Ukitoka Kalamba, unaweza kutembea mpaka miguu ichoke kabla hujaona mukau wa kujaza mikono miwili. Wenzangu husema ni maendeleo yaliyoumaliza. Mimi nakataa kuyapa maendeleo heshima hiyo. Uliisha kwa mkono wa bahili mmoja mwenye injini, na kwa midomo ya wote waliomwitikia amina.