Shuka ya Bibi na Sinema ya Watu Wazima

Mwezi uliopita nilishuka tena Dar es Salaam na mkoba wangu uleule, nikaenda moja kwa moja Kariakoo. Sikuwa na shughuli huko. Ni tabia ya miguu yangu tu. Nimekaa Tanga, nimekaa Kigoma, nimekaa Mombasa miaka mitatu bila kujua kilichonipeleka, na kila nikirudi mji huu miguu hunifikisha sokoni kabla sijaamua pa kulala. Nikakaa kwenye benchi la muuza kahawa, nikaagiza kikombe, nikasikiliza wenye mji wanabishana.

Siku hiyo walibishana juu ya shule moja ya sekondari. Mwalimu kawaonyesha wanafunzi sinema darasani, na sinema yenyewe ina muhuri wa watu wazima. Mmoja alisema mwalimu afukuzwe. Mwingine alisema hao wanafunzi wana ndevu, wafichwe nini? Wakanigeukia mimi mgeni. "Na wewe bwana wa mkoba, unasemaje?" Nilicheka mpaka kahawa ikanimwagikia kanzuni, maana ugomvi huo niliuacha hapahapa, mitaa miwili kutoka benchi lile, enzi ya Mwingereza, kabla ya vita ya pili.

Nilikuwa na miaka kumi na minne hivi. Baba alikuwa akiuza pilipili kavu na vitunguu sokoni, na nyumba yetu yote ilinuka biashara yake. Ukipiga mto kofi, unapiga chafya. Asubuhi kazi yangu ilikuwa kufagia uwanja na kumchotea bibi maji, kisha napewa kitumbua cha moto nikile njiani kwenda shule. Baba hakuipenda shule ile ya serikali. Alinipeleka kwa sababu bibi, mama yake, alimwambia anipeleke, na kila jioni alitafuta sababu ya kunitoa ili nikakae naye kwenye pilipili. Mimi nilikuwa nikiipenda shule kuliko chakula, na hilo baba alilijua, ndiyo maana alilitumia kunitishia.

Mwalimu wetu alikuwa mtu mwembamba wa pwani ya Tanga, mwenye koti moja na maneno mengi. Alifundisha jiografia bila ramani nzuri, akaumia sana kwa kushindwa kutueleza theluji. Alisema ni kama pamba. Tukamwuliza kama inavaliwa. Alisema ni baridi. Tukamwuliza kama inanywewa. Siku moja akaingia darasani anang'aa: tajiri mmoja mwenye jumba la sinema mjini amekubali kumwazima mashine pamoja na fundi wake, na sinema yenye theluji ya kweli na treni. Tatizo lilikuwa cheti kilichokuja na sinema hiyo. Kiligongwa muhuri wa kusema watoto wasiione.

Mwalimu alijitetea kwamba darasa letu si la watoto. Na kweli, siku hizo watu waliingia shule wakiwa wameshakomaa. Mwenzetu mmoja aliyekaa dawati la nyuma alikuwa na mke na mtoto anayetambaa. Lakini wazazi walipopata habari walikuja juu, na baba alikuwa mbele yao. Ikaamuliwa hivi: kila mwanafunzi alete ruhusa ya baba yake, wazee waje waketi mbele, na sinema ikionekana ina uchafu, kila mzee amchukue mwanawe siku hiyohiyo na asimrudishe. Mwenzetu mwenye mke naye alikwenda kumpigia baba yake magoti apate ruhusa, huku mwanawe kamkalia mgongoni.

Baba alinipa ruhusa haraka mno. "Nenda," akaniambia. "Na kesho yake nitakuonyesha namna ya kupanga magunia." Sikulala vizuri usiku ule.

Palihitajika shuka nyeupe ya kutupia picha, na shuka kubwa kuliko zote mtaani ilikuwa ya bibi. Mwalimu akaja mwenyewe, akavua viatu, akaamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo shuka nimeolewa nayo. Mnataka kuifanyia nini?"

Mwalimu akaeleza. Bibi akatafuna tambuu yake mpaka ikaisha.

"Siwezi kuitoa shuka yangu ikaonyesha mambo nisiyoyaona," akasema. "Inapokwenda shuka, na mimi nakwenda."

Habari ikapita ua kwa ua. Bibi akienda, jirani naye anakwenda, na mama naye, na mke wa yule mwenzetu. Wanawake hawawezi kuchanganyika na wazee benchi moja, basi fundi akatoa shauri: shuka itundikwe katikati ya chumba, imwagiwe maji, picha ipenye upande wa pili. Wanaume wakae mbele, wanawake nyuma.

Siku ilipofika, ilikuwa baada ya sala ya adhuhuri, jua limesimama. Madirisha yalizibwa kwa magunia kutoka sokoni, na baba ndiye aliyeyaleta. Yalikuwa ya pilipili. Kila upepo ulipovuma, darasa zima lilipiga chafya, wanaume kwanza, halafu wanawake nyuma ya shuka wakaitikia. Mashine iliwashwa kwa taa ya kabaidi, na fundi akaizungusha kwa mkono kama anayesaga nafaka.

Theluji ikaja. Hatukuamini. Ilianguka polepole juu ya shuka ya bibi, na sisi tuliokuwa tunatoka jasho tukajikunyata. Treni ikaja ikitoa moshi. Sisi tuliiona inakwenda kulia, wanawake waliiona inakwenda kushoto. Bibi mpaka anafariki alishikilia kwamba treni ile ilikuwa inarudi.

Sinema za siku zile zilikuwa bubu, na maneno yaliyoandikwa yalikuwa ya Kiingereza. Mwalimu alisimama pembeni na fimbo yake akitusimulia. Mambo yalikwenda vizuri mpaka kijana mmoja aliposhuka kwenye treni na msichana akamkimbilia. Wakakumbatiana. Midomo ikakutana. Na papo hapo mkono wa fundi ukachoka, akazungusha polepole, busu likarefuka kama kamba ya kisima.

Benchi la wazee likalia kwaa. Baba alikuwa anainuka.

"Huyu ni dada yake," mwalimu akasema kwa sauti kubwa. "Walipotezana tangu utotoni."

Nyuma ya shuka wanawake wakashusha pumzi. "Masikini," mmoja akasema. "Ona anavyomlilia." Baba akaketi. Mimi nikaanza kupumua.

Kutoka hapo mwalimu alifanya kazi ya punda. Kijana akampa msichana pete, mwalimu akasema ni ya urithi wa mama yao. Wakabusiana tena kwenye bustani, mwalimu akasema bado kaka haamini kama amempata. Jasho lilikuwa likimtiririka kwenye koti. Halafu ghafla likaja kanisa, maua, shela jeupe, na wawili wale wamesimama mbele ya padri.

Mwalimu akajipangusa uso kwa mkono wa koti. Mashine ikasikika peke yake, trrr, trrr.

"Mwalimu," ikaja sauti ya bibi nyuma ya shuka. "Huyo bibi harusi si yule dada?"

"Ndiye, bibi."

"Na bwana harusi?"

Mwalimu akakohoa pilipili. "Ndiye kaka, bibi."

Hapo hata chafya zilikoma. Nililiona duka la baba, nikajiona nimekaa juu ya gunia mpaka uzeeni.

"Ni wa tumbo moja?" bibi akauliza taratibu.

"Hapana, bibi. Walilelewa nyumba moja tu. Ni mayatima."

"Walinyonya ziwa moja?"

Swali halikuwa dogo. Kwetu, wawili walionyonya kwa mama mmoja ni ndugu, na hakuna sheikh wa kuwaoza.

"Hawakunyonya, bibi. Wazungu huwapa watoto maziwa ya ng'ombe."

"Ng'ombe mmoja?" akauliza jirani.

"Ng'ombe mbalimbali, mama," mwalimu akajibu haraka.

Wanawake wakanong'onezana, kisha mmoja akapiga kigelegele, na wengine wakafuata. Magunia yalipoondolewa, baba akasimama mwanga ukimpiga usoni, akaninyooshea kidole.

"Wewe, chukua daftari zako. Sinema hii ni ya ufasiki. Yule hakuwa dada wala nini, yule ni hawara yake."

Wazee wengine wakatikisa vichwa kuafiki. Nilianza kukusanya daftari.

"Hawara?" bibi akasema kutoka kulekule nyuma. "Mwalimu katuambia ni dada. Wewe umejuaje?"

"Inaonekana tu, mama."

"Inaonekana kwa nani? Mimi nimeona ndugu waliopotezana. Mkeo huyu hapa kaona ndugu. Nyie wajukuu zangu, mmeona nini?"

"Ndugu, bibi," tukajibu darasa zima, na aliyejibu kwa sauti kuliko wote ni mwenzetu mwenye mke.

"Basi wazee watuambie wao mambo ya mahawara wameyajulia wapi."

Mzee mmoja alikumbuka kwamba ana mgeni nyumbani. Mwingine akapiga chafya ndefu kuliko ilivyohitajika. Baba alikunja magunia yake moja moja, akaondoka bila kunitazama, na suala la kunitoa shule sikulisikia tena. Nilisoma mpaka sekondari, na kama miguu yangu ingekuwa na adabu ningefika mbali zaidi.

Miaka kadhaa baadaye, siku moja namkuna bibi mgongo, nikamwuliza kama kweli aliamini wale ni ndugu. Akacheka mpaka tambuu ikamtoka.

"Mjukuu wangu," akasema, "nilikaa nyuma ya shuka. Sikukaa nyuma ya ukuta."

Yote hayo nikawasimulia wale wa kahawa. Shule ile imevunjwa, pamesimama bohari. Shuka ilipochakaa ilikatwa nepi za wadogo zangu, na mwalimu sijui alikozikwa. Nikawaambia shauri langu: wanafunzi waonyeshwe, lakini bibi zao waalikwe wakae upande wa pili wa picha.

Kijana muuza kahawa aliyekuwa akisuuza vikombe akanitazama kwa huruma.

"Mzee, sinema za siku hizi hazina upande wa pili. Kule nyuma ni ukuta."

Nikamlipa, nikachukua mkoba wangu.