Vipande Vilivyobaki Ndani

Mji mzima ulimwita Bi Nyuzi, na ukimtafuta kwa jina alilopewa na wazazi wake utarudi ulikotoka. Alikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo tangu usichana wake, na kiwanda kilipokufa yeye hakuondoka. Walibomoa majengo, wakauza vyuma, wakabakisha ofisi moja ndogo kando ya lango. Humo Bi Nyuzi na wenzake wachache wakakusanya kilichookolewa: mtambo mmoja wa kufumia, majora mawili matatu ya kitambaa, picha za wafanyakazi waliosimama kama wanangoja kukaripiwa, na ubao wa vipande. Mlangoni wakaandika kwa rangi, MAKUMBUSHO YA KIWANDA. Wageni walikuja kwa nadra, na wengi wao walikuwa wanakimbia mvua.

Ubao ndio uliokuwa moyo wa chumba. Kila mfanyakazi alikuwa na kipande cha shaba chenye namba yake. Ukiingia zamu, unakitoa kwenye msumari wa upande wa NJE unakitundika NDANI, ukitoka, unakirudisha. Siku ya mwisho wakubwa waliwatoa watu mbiombio, eti mitambo inatengenezwa, rudini Jumatatu. Jumatatu hiyo haijafika mpaka leo. Katika kusukumana kule hakuna aliyekumbuka kuhamisha kipande chake. Kwa hiyo, ukiuamini ubao, watu wote wale bado wako kazini.

Bi Nyuzi aliuamini. Wapo waliomcheka kwa hilo, na mimi simo. Mumewe alikuwa fundi wa rangi kiwandani humo humo, na vipande vyao vilining'inia bega kwa bega. Kazi ilipokwisha, mume alikwenda kutafuta nyingine mbali, akamwachia mkewe mtoto wa mgongoni na ahadi: "Nikipata tu, nitawafuata." Salamu zilifika mara moja, mara mbili, kisha kimya. Hakuna aliyeleta habari ya uzima wala ya kifo. Mtoto wa mgongoni akakua, akaolewa, akawa na mtoto wake mwenyewe wa kubeba.

Na kila asubuhi Bi Nyuzi alivifuta vumbi vipande vyote kwa kitambaa kikavu, ila kile kimoja alikifuta kwa upindo wa nguo yake mwenyewe. Tusizungukezunguke: alimtamani mumewe mpaka mifupa ikamuuma. Chumba kile ndicho mahali pekee alipoweza kumtamani bila kuambiwa asahau.

Basi halmashauri, ambayo ndiyo yenye jengo, ikakumbuka kwamba kodi hailipwi. Bwana mmoja mwenye viatu vinavyong'aa akaja, akalitazama paa linalovuja, akasema kuna mfanyabiashara anahitaji stoo ya saruji. Hakuwa mtu mbaya. Hata pole alisema.

"Maji yametufika shingoni, shemeji," alisema Spana, mzee aliyekuwa mekanika wa mitambo na mwenyekiti wa wafanyakazi wa zamani. Alimwita shemeji kwa sababu yeye na mumewe walikuwa wameshibana. "Twende kwa watoto wa wenzetu. Haba na haba hujaza kibaba."

"Watatoa?"

"Wasipotoa, nitawakumbusha nani aliwatengenezea baiskeli bure."

Wakazunguka nyumba kwa nyumba. Watu walikuwa tayari kuchanga kila mwezi, lakini dereva mmoja wa lori akaweka sharti, na sharti lile likaenea upesi kuliko mchango wenyewe. "Baba yangu nimemzika kwa mikono yangu," alisema, "na nyinyi bado mmemfungia kiwandani! Nitachanga. Lakini kwanza atoke, akapumzike."

Spana akaliona hilo ni jambo jema. Bi Nyuzi akakubali shingo upande, kwa sababu bila hivyo kila kitu kingekwenda na saruji.

Jumamosi moja familia zikaja, chumba kikajaa hadi barazani. Mmoja mmoja walisogea, wakachukua kipande cha mtu wao, wakakihamishia NJE. Wengine walicheka, wengine walisema, "Haya mzee, zamu imekwisha." Spana akahamisha chake na vya wasio na mtu, mpaka vikabaki viwili tu, bega kwa bega.

"Cha mumeo kiache, shemeji," Spana alinong'ona. "Hakuna atakayekuuliza."

"Mimi nauliza," sauti ikatoka nyuma. Ni binti wa Bi Nyuzi. Hakuwa amealikwa. "Nimechanga kama wengine, mama. Niruhusu nimtoe baba."

"Akirudi je? Akirudi akute tumemtoa?"

"Sikumbuki hata sauti yake. Tangu nipate akili, nikija hapa nakukuta unamlinda mtu aliye kazini." Akaanza kulia kama mtoto. "Mimi ndiye niliye nje, mama. Mimi."

Bi Nyuzi akamtazama mwanawe, na aibu na mapenzi vikampanda pamoja. "Nitamtoa mwenyewe," akasema. Akakifuta kwa upindo wa nguo yake, akakitoa; msumari wa pili ukamkwepa, hatimaye kipande kikakaa NJE.

"Na chako?" akauliza Spana.

"Niacheni. Zamu yangu haijaisha. Nani atafungua mlango Jumatatu?"

Watu wakacheka kwa nguvu, kwa sababu walihitaji sana kucheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anautazama ubao, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile walipotolewa mbiombio, ulikuwa unasema kweli: mwenzake ameondoka, yeye amebaki. Akakaa kwenye kiti cha mlangoni akalia, na binti yake akakaa sakafuni karibu naye, akamwacha alie.